Wanja, chati yako imejazwa saa isiyo yako

South B, Nairobi

Mpendwa Wanja,

Natumai u mzima na baridi ya Limuru haijakushinda. Huku nasi tunavaa sweta hata ndani ya nyumba.

Chati yako ya nyota uliyonitumia kwa WhatsApp nimeiangalia vizuri. Unalalamika kwamba haifanani nawe hata kidogo. Basi kabla hujampa yule mtu shilingi 3,000 akusomee, hebu tazama saa uliyojaza: 02:00. Na mama husema nini kila mwaka? Kwamba ulizaliwa saa mbili usiku, stima zimepotea, nesi ameshika tochi kwa meno. Saa mbili usiku yetu, programu inaitaka iandikwe 20:00. Umejaza saa nane ya usiku uliotangulia, mama hata uchungu hajaanza kuuhisi!

Chati ni picha tu ya anga ilivyokaa dakika uliyozaliwa, ikitazamwa kutoka mahali ulipozaliwa. Duara lake lina digrii 360, limegawanywa buruji 12, yaani zile alama za nyota kama Simba na Mapacha, za digrii 30 kila moja. Jua hukaa katika buruji moja karibu mwezi mzima, kwa hiyo wa tarehe 12 Agosti kama wewe ni Simba, azaliwe asubuhi au usiku. Mwezi hukaa kama siku mbili na nusu. Inayokwenda mbio ni buruji inayochomoza mashariki, maana dunia inajizungusha: kila baada ya saa mbili hivi inapanda nyingine.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, kwa sababu buruji huchomoza kwa mwendo unaokaribia kulingana, na hesabu unaweza kuifanya kwa vidole. Jua linapochomoza, buruji lililomo ndiyo inayopanda. Linapozama, inapanda ile inayolikabili. Wewe Jua lako liko Simba, mkabala wake ni Ndoo. Agosti hapa jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ongeza saa moja na nusu, Ndoo imeshapita, Samaki anachomoza. Chati uliyonitumia inasema Mapacha.

Na ikikosewa hiyo buruji inayopanda, nyumba zote 12, yaani vipande vya chati vinavyosimamia mambo ya maisha, zinahama, kwa kuwa zinahesabiwa kuanzia hapo: ya kwanza ni wewe mwenyewe, ya nne nyumbani kwenu, ya saba ndoa, ya kumi kazi na jina lako mbele za watu. Jua lako wamelitia nyumba ya tatu, ya ndugu na mazungumzo. Kwa saa ya kweli linaangukia ya sita, ya kazi za kila siku na afya. Sayari kama Zuhura, Mirihi, Zohali na wenzao hizo tarehe zako hawajasogea sana. Wamebadilisha nyumba tu.

Usishtuke pia ukifungua programu ya Kihindi ukaambiwa Jua lako liko Kaa. Wao hupima kwa kufuata nyota zenyewe, na hesabu yao inapishana na hii ya kwako kwa digrii 24 hivi.

Mimi, unanijua, hupenda hesabu ya chati kuliko utabiri wake. Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio la mtafiti Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati za watu wakaambiwa wazioanishe na maelezo ya tabia zao, na hawakumshinda mtu anayebahatisha. Kwa hiyo usivunje uchumba kwa ajili ya Zohali, tafadhali. Na hizo elfu tatu nunua makaa.

Cheti cha kuzaliwa hakiandikwi saa, usijisumbue kukitafuta. Muulize mama kama kile kijitabu cha kliniki bado anacho, lakini usimpigie Jumapili asubuhi, simu huwa ameizima yuko kanisani. Ukishapata dakika kamili, jaza upya, mahali uandike Nairobi, si Limuru, kisha unitumie.

Wako,
Mueni