Abiria Anayetapika Asipelekwe Viti vya Nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wahudumu wa mabasi yanayokuja Lindi na Mtwara kuhusu abiria wanaotapika njiani. Mazoea ni kumwuliza mtu amekula nini, kumpa mfuko, kisha kumhamishia viti vya nyuma ili asiwaudhi wenzake. Kumbe huko nyuma ndiko basi linakorusha zaidi, na chanzo cha shida yake hakiko tumboni.

Ndani ya kila sikio mna mirija 3 midogo yenye majimaji, inayopima jinsi kichwa kinavyogeuka, pamoja na vijifuko viwili vinavyohisi mwendo wa kusonga mbele na wa kupanda na kushuka. Tunapotembea kwa miguu, habari zitokazo sikioni, machoni na nyayoni hukubaliana, ndiyo maana hatupepesuki. Aliyeinamia simu garini, macho yake humwambia ametulia ilhali sikio linasema anarushwa, na mgongano huo ndio umtoao jasho jembamba hadi atapike. Wapo watu ambao viungo hivyo vimekufa katika masikio yote mawili. Hao hawatapiki safarini hata bahari ichafuke vipi, ila kutembea gizani ni taabu kubwa kwao. Kwangu mimi, ushahidi huo unatosha.

Mwaka 1991 watafiti Gary Riccio na Thomas Stoffregen walitoa hoja tofauti, kwamba mtu huugua pale anaposhindwa kuuzuia mwili wake usiyumbe. Wataalamu wangali wanabishana, lakini anayevuka maji kutoka Mtwara kwenda Msanga Mkuu, ng'ambo ya pili, siku ya upepo amtazame nahodha: amepanua miguu, amelegeza magoti, na macho ameyatupa mbali.

Kwa hiyo anayejisikia vibaya apewe kiti cha mbele, pazia lifunguliwe, aangalie barabara ya mbali. Dawa kama prometazini humezwa kabla ya safari, si baada ya kutapika, nazo huleta usingizi na kumfanya mtu ayumbe anaposimama.

Hapo ndipo ninapowaomba na vijana wa bodaboda. Mzee aliyeteremka baada ya kukaa garini kutwa nzima huweza kuhisi ardhi bado inacheza, hivyo asivutwe mkono na kupakizwa papo hapo, wala asidhaniwe kuwa amelewa. Aachwe ashike nguzo, atembee hatua chache, ndipo apande.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara