Mvula imekula rido (pazia) yetu ya Noeli: mutusaidie matole (mabati) ya atelie, tafazali

Bapapa, bamama, bandugu bote bana Lubumbashi, bale ba hapa Katuba na bale bako mbali Kolwezi, Kinshasa, mpaka kule Ulaya, jambo kwenu.

Tuseme kweli tu, tuko na haya kuandika tena. Mu mwezi wa 4 tuliwaomba, mukatoa, tukanunua mapenso (brashi), rangi ya unga na kole (gundi), na miye mwenyewe njo nilisimama mbele ya bantu nikasema mwaka huu hatutawasumbua tena. Sasa nawasumbua. Munisamehe.

Munajua batoto betu ba teatre banatayarisha muchezo wa Noeli. Yosefu na Maria banafika Lubumbashi usiku, banapiga hodi komini ya Kamalondo, banapiga hodi komini ya Kenya, kila mulango nafasi hakuna. Kwa huo muchezo tulitaka rido moja kubwa ya nyuma, meta 6 kwa 4, yenye kuonyesha muji wetu: cheminée (bomba refu la moshi la kiwanda), terril (kilima cha mabaki ya kuyeyusha shaba), nyumba za matofari, taa moja ndogo mu dirisha. Kuchora kitu kama hii haina sawa kuchora tablo ya kutundika mu salon, na batoto walijifunza hiyo kazi miezi saba mizima mbele ya kushika ile nguo.

Unaanza na maketi, ni mufano kidogo wa ile rido, ya sentimeta 24 kwa 16, kila sentimeta moja ni 25 za kweli. Unaigawa mu vyumba vyumba vya sentimeta 2, inakuwa vyumba 96, na chini ku simiti unagawa nguo vile vile lakini kila chumba ni nusu meta. Kwa mistari hatutumie rula, tunapaka kamba makala (makaa), mutoto mmoja anashika huku mwingine kule, wa tatu anaivuta juu katikati anaiachia, pa! mustari mweusi umenyooka kutoka mwisho mpaka mwisho. Wadogo banapigania nani atavuta.

Nguo yenyewe ni merikani, tunaipigilia misumari pande zote, sababu ikilowa kole inajikunja, na bila ile kole ya kwanza inakunywa rangi yote na hauone kitu. Kiisha unachora umesimama, penso imefungwa ku mti wa fagio, sababu ukichuchumaa unaona magoti yako tu. Kila mara unapanda ngazi kuangalia. Kuko mutoto mwanamuke wa miaka 14, alichapa matofari yote na sponji, kiisha akaweka kivuli chini ya kila tofari na mwangaza kidogo upande wa kushoto, upande wenye mwezi utatoka. Ukiwa karibu, ilikuwa madoa matupu. Kutoka benchi ya kumi, weee, ulitaka kuegemea ule ukuta.

Ijumaa iliyopita, saa tisa, mvula. Matole ya atelie muliisha kuyaona, imejaa matundu, tulikuwa tunaziba na plastiki na ndoo kumi na moja chini. Upepo ukachukua plastiki. Rangi yetu haina ya mafuta, ni unga na kole, maji ikiigusa inafunguka. Tone la kwanza likaangukia cheminée, cheminée ikashuka polepole ikaingia mu terril, terril ikamwagika mu barabara ya Maria. Batoto banangoa misumari na mikono. Na hapa naomba niseme kosa yangu: miye njo nilipiga kelele "mukunje, mukunje!" Banakunja ingali mbichi, rangi juu ya rangi, asubui tulipoifungua imeshikana, ukuta wa yule mutoto umebaki upande mwingine kama uso wa mutu aliyelia. Hakunisemea kitu. Afazali angenitukana.

Tuko bantu ba muji gani, bandugu? Hapa njo kulikuwa Le Hangar, masomo ya kuchora, tangu 1946, muchoraji Pilipili na samaki zake, mwenzake Bela akichora na vidole. Muchoraji Tshibumba alichora historia ya inchi mzima juu ya mifuko ya unga. Mufwankolo, mutu wa teatre, alijaza bantu kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Na sisi tunashindwa na matundu ya tole? Kuko jamaa moja mu kartie, mwezi uliopita tente mbili na orkestra kwa ndoa, sitaje jina, tulikula vizuri sana, Mungu abariki hiyo ndoa. Na wewe Papa uliyeahidia matole 5 mu mwezi wa 4, bado tunakungojea, hatukasirike.

Hesabu ni hii: matole 32, mbao kumi, kilo 6 za misumari na fundi, yote dola 590. Tuko na 145 mu sanduku. Inabakia 445. Merikani mupya ni meta 18, sababu nguo ina upana wa 1,50 na tunashona vipande vitatu vya meta 6, hiyo bamama ba chorali baliisha kukubali kulipa, bashukuriwe. Mwenye hana feza alete mifuko tupu ya unga, ya nguo, haina ya plastiki, tutaifungua tutaifua, batoto bajifunzie juu yake. Miti ya fagio pia.

Kila franka itaandikwa, rapore itasomwa kiisha misa, fakture zitabandikwa ku mulango. Namba ya kutuma hatuiweke hapa sababu ya bezi (wezi), muulize trezorie, mwenye kushika feza, uso kwa uso ao mumuitie. Luka anasema hawakupata nafasi mu nyumba ya wageni, na sisi hatuombe nyumba, tunaomba tu simiti yenye kukauka.

Fundi anaanza siku ya pili (Jumanne). Mwenye matole alete asubui, tafazali, mbele ya saa sita. Kiisha saa sita mawingu yanaanza kukusanyika kule upande wa terril, na ndoo kumi na moja hazitoshe.