Zidisha kimo kwa 12 kabla ya kumwaga zege

Ndugu Mhariri,

Mama yangu mzazi anatumia kiti mwendo tangu alipopooza miguu. Mwezi uliopita nilimpeleka zahanati moja yenye ngazi mserereko mlangoni, yaani njia ya mteremko isiyo na vidato, na nilipoiona nilifurahi. Tulipofika katikati nguvu zikaniishia, tukaanza kurudi nyuma. Kijana wa bodaboda aliiacha pikipiki yake akaja kutudaka. Mama hakusema neno, ila mikono ilimtetemeka hadi tulipoingia ndani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Jioni nilirudi pale na tepu. Kutoka ardhini hadi kizingitini ni sentimita 60. Kutoka ukutani hadi mserereko unapoanzia, ukipima chini kwa mlalo, ni sentimita 180. Gawanya 60 kwa 180, tanjenti ni 0.333, na pembe yake ni nyuzi 18.4. Kipimo kinachotumika sana kwa viti mwendo, ambacho Marekani wamekiweka kwenye kanuni zao za ujenzi, ni kimo 1 kwa mlalo 12. Hiyo ni pembe ya nyuzi 4.8 tu.

Anayesukuma huisikia tofauti hiyo mikononi. Mama na kiti chake ni kama kilo 80. Zidisha kilo hizo kwa sini ya pembe, utapata mzigo unaokurudisha nyuma. Kwa nyuzi 18.4 ni kilo 25, kupita ndoo ya maji ya lita 20. Kwa nyuzi 4.8 hazifiki kilo 7. Kushuka ndiko kunakonitisha zaidi, maana kiti kikikuponyoka hakisimami hadi barabarani.

Fundi hahitaji kikokotoo. Avute uzi kutoka kizingitini, aulaze sawa kwa pima maji, apime kimo, kisha azidishe kwa 12. Sentimita 60 zinadai mlalo wa mita 7.2. Kiwanja kikiwa kidogo, mserereko ukunjwe, na kwenye kona pawe tambarare pa kugeuzia kiti na kuvuta pumzi. Tatizo ni kwamba ngazi mserereko hujengwa mwisho, kwenye nafasi iliyosalia baada ya ngazi za kawaida, maua na maegesho.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kwa hiyo naziomba kamati za ujenzi za shule na zahanati zimtume mjumbe mmoja na tepu kabla zege halijamwagwa, na mlalo usipofika mara 12 ya kimo, kazi isimame. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nimeshawaambia: zoezi lao la trigonometria muhula huu watalifanya nje, kwenye milango ya majengo ya kata yetu, na vipimo tutavipeleka ofisi ya mtendaji.

Mama ana kliniki tena Jumanne ijayo. Nimewaomba vijana wawili watusindikize.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro