Barua kwa wifi yangu aliyesema kusoma kumempita

Wifi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Nimeona nikuandikie hadharani badala ya kukupigia simu, kwa sababu neno ulilolisema jikoni kwangu Idi iliyopita nimelisikia kwa wanawake wengi, na ningependa nao walisome jibu langu.

Ulikuwa unakata vitunguu. Ukanyanyua macho, ukaviona vitabu juu ya kabati la vyombo, ukasema, "Mimi wifi kusoma kumeshanipita. Labda watoto wakikua." Ukarudi kwenye vitunguu vyako. Mimi neno lile lilinikaa moyoni siku nzima, kwa sababu siku kaka alipokuleta nyumbani mara ya kwanza, mkobani mwako mlikuwa na riwaya, nami nikaiazima kabla hata sijalizoea jina lako. Nilikupenda kuanzia hapo.

Watoto wakikua! Siku hiyo niliingoja miaka minane. Wa kwanza alipoacha kunyonya akaja wa pili. Wa pili alipoanza shule, mama akaugua akahamia kwangu. Nafasi haikuja. Ila nilikuja kugundua kwamba nilikuwa nikitumia kipimo cha usichana wangu, cha kujilaza mkekani tangu asubuhi mpaka kitabu kiishe. Kipimo hicho hakiingii katika nyumba yenye watoto watatu na mgonjwa. Sasa nasoma kurasa nne, tano, nafunga. Maharage yanataka saa moja na nusu, pengine mbili, mpaka yaive, na muda wote huo lazima mtu awepo ayaangalie yasikaukiwe maji. Mtu huyo ni mimi, na kitabu kipo mkononi.

Kitabu chenyewe ni Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2022. Nina miezi mitatu nayo na sioni haya hata kidogo. Mwanzoni ilinitaabisha: naiacha siku kumi, nikirudi sikumbuki Hamid ni nani wala tulikutana naye wapi. Siku moja nikachukua penseli ya mtoto, nikaandika majina ndani ya jalada la nyuma, mstari mmoja kila mtu. Yusuf, mtoto wa miaka 12, baba yake kamtoa kwa ajili ya deni. Khalil, wa dukani. Aziz, tajiri mwenyewe. Tangu siku hiyo hata nikikaa wiki mbili sijashika kitabu, nafungua kule nyuma, napitisha jicho, naungana nao safarini. Jaribu hili kabla ya jingine lolote. Wengi wetu hamu ya kusoma tunayo; tunachoshindwa ni kuanza upya kila mara tunapopotea njia katikati ya hadithi.

Simu nitaitaja kwa ufupi, maana unaijua. Watoto wakishalala naiacha kwenye chaji sebuleni, naingia chumbani bila yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo penseli haiwezi kulimaliza. Kaka yangu akikaa kutazama mpira, dakika 90 zinaisha na hakuna mtoto aliyemgusa bega. Wewe ukikaa tu, huyu anataka maji, yule kalamu yake haionekani. Nawe unainuka, tena unainuka ukijiona una hatia kwa kuwa ulikuwa umekaa. Hilo limeniuma, kwa sababu hata sisi wa nyumbani tuna mkono wetu humo: alipokuwa mdogo sahani yake tulikuwa tukiitoa sisi. Kwa hiyo nimezungumza naye, dada na mdogo wake, bila kumpandishia sauti. Jumapili baada ya chakula cha mchana watoto ni wake kwa saa moja. Amekubali, tena amesema mbona hukuwahi kumwambia. Saa hiyo ni yako kwa haki. Ukiona nguo zimekauka kambani, ziache, atazianua atakayeziona.

Watoto wenyewe wasikutie hofu kwamba unawanyima kitu. Mwezi uliopita niliwapeleka wangu Maktaba Kuu, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967. Walichagua vitabu vyao sehemu ya watoto, mimi nikafungua changu. Kimya. Baadaye mdogo akaja akasimama ubavuni pangu, akauliza, "Mama, Yusuf amefika wapi?" Jina la Yusuf alikuwa amelisikia jikoni, siku niliposoma kwa sauti huku nakoroga ugali. Nikamweleza alipofika. Akaketi chini kwenye miguu yangu na kitabu chake.

Na wewe ni mtoto wa Tanga, wifi, umezaliwa alikozaliwa Shaaban Robert. Miaka mingi alikuwa karani wa forodha, mtu wa kuripoti kazini kila asubuhi, na mkewe alipofariki akabaki na watoto wa kulea. Humo humo ndimo alimoandika. Namfikiria sana usiku, taa yake ikiwaka baada ya watoto kulala.

Peponi nimebakiza kurasa chache. Nitazimaliza leo usiku. Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Tanga mzigo, jina lako liko juu, mpigie ukifika stendi. Ndani kuna kanga uliyoisahau, kilo moja ya mchele wa Kyela kwa ajili ya mama yako, na kitabu. Nimekifunika kwa gazeti kama tulivyokuwa tukifunika madaftari. Kurasa mbili za katikati zina doa la uji, lakini maneno yote yanasomeka. Risiti ya luku iliyomo ndani nimeirudisha ukurasa wa kwanza, uitumie kuwekea alama, na kule nyuma, chini ya majina niliyoyaandika, nimekuachia nafasi ya kuandika yako.

Wasalimie wote. Jumapili saa tisa sitapiga simu.

Wifi yako