Wachoraji wetu wapeleke fisi na sungura wao mbele ya majaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako nizungumze na vijana wachoraji wanaopeleka kazi zao katika mashindano ya kimataifa ya michoro ya wanyama wenye mwenendo wa binadamu, yaani wanyama waliovalishwa nguo, wanaosimama kwa miguu miwili, wanaofanya biashara, wanaooana na kushitakiana kama watu. Mimi huchora picha za vitabu vya watoto, na kwa sababu hiyo vijana kadhaa huniletea michoro yao niitazame kabla hawajaituma. Mikono yao ni mizuri, na wapo wanaonipita kwa mbali katika kupaka rangi. Hata hivyo, jambo ninalolikuta mara kwa mara linanisikitisha. Kijana aliyezaliwa Morogoro au Mtwara anachora mbwa mwitu wa nchi za baridi, amejifunga skafu ya sufu, amesimama chini ya misonobari iliyofunikwa na theluji, kisha anampeleka mnyama huyo mbele ya majaji ambao wamekwisha kuwaona mbwa mwitu wa namna hiyo kwa maelfu na ambao wanaijua theluji kuliko yeye.

Rai yangu ni kwamba mchoraji wetu anayetaka kuingia katika mashindano yenye jopo la majaji apeleke mnyama anayemjua, kwa mwili wake na kwa tabia aliyopewa na hadithi zetu. Sisemi hivyo kwa kuchukia vitu vya kigeni, wala sitaki kila kazi ya Mtanzania iwe na mbuyu na jua linalozama. Nasema hivyo kwa sababu ya namna kazi hizi zinavyohukumiwa.

Mashindano hayafanani. Ziko tuzo zinazotolewa kwa kura za mashabiki, kama zile za Ursa Major za Marekani, ambazo zilianza na kazi za mwaka 2001 na zinahusu sanaa na maandishi ya wanyama wa namna hii. Huko, mwenye wafuasi wengi ana nafasi kubwa. Iko pia mikutano ya wapenzi wa sanaa hii, kama Anthrocon wa Pittsburgh na Eurofurence ulioanza Ujerumani mwaka 1995, ambako michoro hutundikwa ukutani na kuuzwa kwa mnada. Jopo la majaji ni jambo jingine kabisa. Mfano mzuri ni maonyesho ya wachoraji yanayoandamana na soko la vitabu vya watoto la Bologna, nchini Italia, yaliyoanza mwaka 1967. Hayahusu wanyama peke yao, lakini wanyama wenye mwenendo wa watu hujaa humo kila mwaka. Kila mchoraji hutuma picha tano za hadithi moja au mada moja. Wanaotuma ni maelfu kutoka kila pembe ya dunia, na wanaochaguliwa kwa kawaida hawafiki mia moja. Katika wingi huo picha ya mtu hutazamwa kwa muda mfupi sana katika mzunguko wa kwanza, na mchoraji hayupo pembeni kueleza alikusudia nini.

Jaji aliyeketi mbele ya picha nyingi kiasi hicho haanzi kwa kuuliza kama manyoya yamechorwa unywele kwa unywele. Anauliza mnyama huyu ni nani. Ukimwondoa kichwa cha mbwa na kumwekea cha paka, je, picha itabadilika? Ikiwa mkao ni uleule, mikono ni ileile, na kisa ni kilekile, basi pale pamechorwa mtu aliyevaa kinyago, na kazi hiyo itawekwa kando hata kama rangi zake zinang'aa. Hapa ndipo kumjua mnyama kunapoleta faida.

Tumchukue fisi. Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, fisi ni mlafi, mwepesi wa kudanganyika, na kila mara sungura humwacha akilipia deni la wote wawili. Mwili wake nao unasema mengi: miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka kuelekea mkiani, shingo ni nene na kichwa hubebwa chini. Ukimsimamisha kwa miguu miwili utapata mabega mazito juu ya nyonga ndogo na miguu mifupi, kwa hiyo koti litamjaa juu na kumpwaya chini, na suruali iliyokatwa kwa kipimo cha mtu haitamkaa. Mchoraji anayelijua hilo hahitaji kuandika popote kwamba huyu ni fisi. Zaidi ya hayo, wanaowachunguza fisi madoa porini wanatuambia kwamba jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri katika kundi. Basi hadithi inasema fisi ni mjinga wa kijiji, na pori linasema mama fisi ni mtawala. Mchoraji anayeziweka kauli hizo mbili katika picha moja, tuseme mama fisi aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa mtaa, akisuluhisha kesi ya nyama iliyopotea huku mumewe mwembamba amesimama nyuma na mdomo unang'aa mafuta, amekwisha kupata kisa, tabia na mvutano ambao hakuna mshindani wa Toronto au Osaka atakayeufikia, kwa sababu haumo katika yale aliyolelewa nayo.

Maswali madogo ya mavazi na viungo nayo yanataka kuamuliwa mapema. Sungura akivaa kofia ya kiua, masikio yanapita wapi? Yamekunjwa ndani, au mshonaji amemtobolea matundu mawili na kuyatarizi? Kanga ya nyani jike inafungwa juu ya mkia au chini yake? Mkono wa kima unashika kikombe bila taabu, lakini ukwato wa ngiri unakishikaje? Hakuna jibu moja lililo sahihi. La lazima ni kwamba ukilichagua jibu ulishike katika picha zote tano, maana majaji huzitazama zikiwa pamoja, na ngiri mwenye vidole katika picha ya pili na kwato katika picha ya nne huwaonyesha kwamba mchoraji hajamfahamu mhusika wake. Mimi huwashauri vijana wajaze kwanza karatasi nzima kwa mhusika mmoja akiwa amekaa, anakimbia, analia, anakula, ametazama mbele na ametazama nyuma, kabla hawajagusa picha ya kupeleka.

Wapo wanaonijibu kwamba majaji wa ng'ambo hawatamwelewa fisi wetu. Kwao ninatoa mfano wa John Kilaka, Mtanzania aliyekulia katika mtindo wa Tingatinga na kuuhamishia katika vitabu vya picha. Sokwe wake anayepeleka samaki sokoni na mbwa wake mwizi anayefikishwa mbele ya baraza la wanyama wamevaa nguo tunazoziona katika masoko yetu, wanaishi katika vijiji tunavyovijua, na wamepakwa zile rangi kali zinazojulikana. Vitabu hivyo vilichapishwa kwanza Uswisi na vimetafsiriwa katika lugha nyingi. Wasomaji wa Ulaya hawakuhitaji kuondolewa kanga wala baiskeli ndipo waelewe.

Wengine husema sanaa yenyewe ni ya kigeni, imekuja na katuni za televisheni. Hilo nalo si kweli. Sanamu ya mtu mwenye kichwa cha simba, iliyochongwa kwa pembe ya mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, na kupatikana katika pango la Hohlenstein-Stadel, Ujerumani, ina umri wa miaka ipatayo 40,000. Wamisri wa kale walichora kwenye mafunjo simba na paa wakicheza bao la kwao, na mchoro huo upo hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Katika hekalu la Kōzan-ji mjini Kyoto kulitunzwa michoro ya wino ya karne ya 12 na ya 13 inayoonyesha vyura na sungura wakipigana mieleka. Nasi pwani tuna kima aliyemponyoka papa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani mtini, hadithi ambayo ndugu zake wanasimuliwa India na Uarabuni, na ambayo bila shaka ilivuka bahari pamoja na mengine mengi yaliyoletwa na pepo za kaskazi. Hatuingii katika sanaa hii kama wageni.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima nilitaje kwa heshima, kwa sababu linagusa riziki za watu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao, na akafariki mwaka 1972. Jamaa zake na wanafunzi wake ndio walioyafanya yale aliyoyaanza kuwa shule nzima. Kunakili picha ya mwalimu ndiyo njia waliyojifunzia, na picha zinazorudiwa ndizo zinazonunuliwa na watalii na kulipa ada za watoto. Asiwepo wa kuwadharau kwa hilo. Lakini kanuni za mashindano karibu yote hudai kazi iwe ya aliyeituma, na mwenye kupeleka chui yuleyule anayeuzwa kila kibanda, hata kama alimpaka mwenyewe kwa mkono wake, anaweza kuondolewa bila maelezo. Mtindo ni wa wote. Mhusika na kisa viwe vyako. Kwa sababu hiyohiyo, asijaribu mtu kupeleka picha iliyotengenezwa na akili bandia. Mashindano mengi sasa yanaikataza waziwazi, na mengine hudai rasimu za penseli ili kuthibitisha kazi, kwa hiyo vijana wazitunze rasimu zao.

Kuhusu kutuma kazi nitasema machache. Siku hizi karibu kila jopo hupokea picha kwa intaneti kwanza. Rangi ya baiskeli hung'aa, na picha iliyopigwa kwa taa ya simu huonyesha doa jeupe mahali palipokuwa na uso wa mnyama. Ipigwe nje, kivulini, asubuhi, ubao ukiwa umesimama wima na kamera ikiwa sawa na katikati yake. Mchoro wa karatasi uingizwe kwa skana, kwa ukali usiopungua nukta 300 kwa inchi. Kuhusu ada, kiasi kidogo cha kuingilia si lazima kiwe dalili ya ulaghai, lakini yeyote anayekuandikia kwamba umekwisha kuchaguliwa na unachotakiwa ni kulipia nafasi ya kutundika picha ukutani tu, huyo hana jopo la majaji.

Kipengele cha haki kisomwe hadi mwisho, na kama lugha yake inamshinda kijana, amtafute wa kumsomea kabla hajaweka sahihi. Kumruhusu mwandaaji achapishe picha yako katika katalogi na matangazo ya shindano ni jambo la kawaida. Kumkabidhi haki zote za mhusika wako, ili kesho amtengenezee vitabu na fulana bila wewe kupata kitu, ni jambo ambalo hata zawadi ya kwanza haiwezi kulilipia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu anapoikamilisha kazi, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ipo kwa ajili ya kumwelekeza. Mama fisi niliyemtaja hapo juu anaweza kumlisha mchoraji wake kwa miaka mingi baada ya shindano kusahaulika.

Kwako, Ndugu Mhariri, nina ombi. Magazeti yetu hutuarifu pale Mtanzania anaposhinda, na tunashukuru, lakini wito wa kushiriki hautufikii, au hutufikia kwa Kiingereza wakati siku zimekwisha. Soko la Bologna, kwa mfano, kwa kawaida huwa Machi au Aprili, na kazi hupokelewa miezi kadhaa kabla. Ningeomba ukurasa wako wa utamaduni utenge safu ndogo, hata mara moja kwa mwezi, ya kutangaza kwa Kiswahili mashindano ya uchoraji yaliyo wazi, mada zake, tarehe za mwisho na masharti ya haki za msanii. Baraza la Sanaa la Taifa na maafisa utamaduni wa wilaya wangeweza kuisaidia safu hiyo kwa kuthibitisha yapi ni ya kweli. Mimi na wenzangu wachache wa fani hii tuko tayari kutafsiri masharti hayo bila malipo, na tutaanza mara tu utakapotuarifu kwamba nafasi ipo.

Wako katika ujenzi wa sanaa,
Mchoraji wa vitabu vya watoto,
Morogoro.