Barua kwa Mama, Machame, kuhusu soksi za Babu

Leipzig

Shikamoo Mama,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko Machame, hasa kwa Babu na miguu yake. Mchango wa harusi nimekwisha kuutuma kwenye simu yako, si kwa Baba Gody, nawe utajua namna ya kuufikisha kwenye kamati. Barua hii, basi, haina habari za fedha. Inahusu soksi, kwa sababu maneno aliyoyaandika Baba Gody kwenye kundi la ukoo baada ya kuiona picha yangu nikimfumia Babu soksi yamenikaa moyoni, na siwezi kumjibu kule mbele ya wakwe.

Alisema kwamba soksi za sufu zimejaa kwenye mitumba ya Kiboriloni kwa bei ya kutupa, na kwamba mtu aliyesafirishwa kwa michango ya ukoo hawezi kukaa Ujerumani akifuma kama bibi kizee. Mwambie kwa niaba yangu kwamba hajui anachokisema. Soksi ya mtumba imekwisha kuvaliwa na mguu wa mtu mwingine, kisigino chake kimelegea, na mpira wake wa juu ndio ule ule unaomwachia Babu alama kila jioni miguu inapovimba. Hizi zangu nimezifuma kwa kufuata karatasi uliyomchorea mguu, na hazina mpira hata kidogo. Ukingo wa juu unafumwa mishono miwili ya mbele na miwili ya nyuma, kuzunguka, na mpangilio huo peke yake ndio unaoufanya uvutike na kurudi bila kubana.

Kazi inaanzia huko juu. Unatunga vitanzi 64, unavigawa kwenye sindano nne, 16 kila moja, na sindano ya tano ndiyo inayofuma. Ni sindano fupi zenye ncha pande zote mbili, na anayeziona mara ya kwanza hudhani umeshika nungunungu. Sehemu ya muundi haina maneno mengi, ni kuzunguka tu hadi uchoke.

Uhodari, Mama, uko kwenye kisigino. Unaviacha vitanzi 32 vikisubiri, kisha unafuma kwenda na kurudi juu ya 32 vilivyobaki, mpaka upate kipande cha mraba kinachoshuka nyuma ya mguu. Hapo bado ni kitambaa bapa. Ndipo unafuma hadi kupita katikati kidogo, unaunganisha vitanzi viwili viwe kimoja, na unageuka kabla mstari haujaisha. Upande wa pili unafanya vivyo hivyo, na kila unapogeuka unameza kitanzi kimoja cha pembeni, hadi kitambaa chenyewe kinajikunja na kufanya tumbo la kupokea kisigino, bila mkasi na bila kushonea kiraka. Baadaye unaokota vitanzi kwenye kingo zote mbili za kipande kile, unavirudisha vile vilivyosubiri, na unaanza tena kuzunguka huku ukipunguza taratibu mpaka virudi kuwa 64. Muulize Baba Gody kama amewahi kujiuliza soksi inapindaje.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, lakini vidole vyake vinahesabu vyenyewe. Alikipapasa kisigino changu, akakigeuza ndani nje, kisha akawaita wenzake wa mezani waje kukishika. Wajerumani hawa, ambao wamefuma soksi tangu utotoni, walikipitisha mkono kwa mkono wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipomwambia kwamba wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, alitaka kujua kama walituachia na sindano. Nikamweleza habari za Shangazi na mashine yake ya sweta za shule, na jinsi ambavyo Januari hapatikani hata kwa salamu. Tangu siku hiyo ile sauti ya mashine barazani, ikienda na kurudi huku mvua ikinyesha migombani, hunijia hata nikiwa ndani ya tramu, na wakati mwingine napitiliza kituo. Kazi nyingine ni za kawaida, na zamu za usiku nimezizoea.

Uzi wenyewe una sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, kwa maana sufu tupu huisha haraka chini ya unyayo. Gramu 100 zinatosha soksi zote mbili za mtu mzima. Zifueni kwa maji ya vuguvugu bila brashi, na msizichemshe kabisa. Zikamuliwe kwa kubonyezwa ndani ya taulo, kisha zilazwe kivulini. Yule binti asizianike juu ya bati.

Nimezituma kwa mkono wa mtoto wa Mama Neema ili zifike kabla ya baridi ya Juni. Mpe Shangazi azikague kwenye ncha ya vidole, pale nilipofunga kwa sindano ya kushonea, aniambie ukweli kama kiungo kinaonekana. Yeye ndiye anayefuata, kwa hiyo asimamishe mguu juu ya karatasi, umzungushie kalamu, na uweke rula pembeni unapopiga picha. Baba Gody akileta mguu wake, mwelekeze Kiboriloni.

Mfikishie Babu shikamoo yangu.

Mwanao,
Aikande