Barua ya rufaa itaje kliniki na siku ya daktari wa mapafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonigharimu karibu mwaka mzima, nalo ni ugumu wa kumpata daktari bingwa wa magonjwa ya mapafu kwa mtu anayeishi huku Tanga. Sisemi kwamba madaktari hao hawapo nchini. Wapo, nami nimekaa mbele ya mmoja wao. Ninacholalamikia ni kwamba njia ya kumfikia haikuandikwa popote, na mgonjwa huachwa aulizeulize kwa ndugu na majirani huku pumzi ikizidi kumwishia.

Mdogo wangu alifanya kazi katika shamba la mkonge kwa miaka 22, na mingi kati ya hiyo aliimalizia kwenye brashi, yaani mashine inayosafisha singa, zile nyuzi za mkonge, baada ya kukauka juani. Wasomaji wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa vumbi la brashi lilivyo. Kabla ya saa nne asubuhi nyusi za mtu huwa zimegeuka nyeupe. Alipoanza kukohoa tulisema ni mafua, baadaye tukasema ni pumu, na mwishowe majirani wakasema kile wanachosema siku zote, kwamba ana kifua.

Neno hilo ndilo lililotupoteza. Mtaani kwetu kifua ni kifua kikuu, ni pumu, ni nimonia, na wakati mwingine ni moyo ulioshindwa kazi, kwa hiyo ukiulizia daktari wa kifua unaelekezwa moja kwa moja kwenye kliniki ya kifua kikuu. Tulikwenda. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya vinasaba, ile inayotoa jibu ndani ya saa mbili, na vimelea havikuonekana. Hata hivyo, kituo kimoja ambacho sitakitaja kilimwanzishia dozi ya miezi sita kwa kutazama picha ya eksirei peke yake. Aliimaliza yote bila kukosa hata siku moja, na kikohozi kilibaki palepale.

Sina ugomvi na huduma za kifua kikuu. Tangu mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulipoanza mwaka 1977, ugonjwa huo umewekewa utaratibu ambao hata mhudumu wa zahanati ya kijijini anaujua: apime nini, atoe dawa gani bila malipo, na aliyepata usugu wa dawa ampeleke wapi. Anayeumwa mapafu bila kuwa na kifua kikuu hana utaratibu wa namna hiyo. Huyo huzungushwa.

Hatimaye tulipewa barua ya rufaa. Ilikuwa na muhuri, ilikuwa na saini, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja tu uliosema mgonjwa aonwe na bingwa wa mapafu. Haikutaja kliniki, haikutaja siku, wala haikuwa na namba ya simu. Tukapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350 kupitia Segera na Chalinze, mdogo wangu akiwa ameinama mbele na mikono juu ya magoti, kwa kuwa akiegemea kiti anakosa hewa. Asubuhi iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumanne, tulipanga foleni hadi saa tano. Binti wa dirishani akaisoma barua, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kilichosahauliwa huko, kisha akasema kwa upole kabisa, "Baba, kliniki yake ni Alhamisi." Tukalala siku mbili kwa shemeji huko Mbagala. Wenye shemeji Dar es Salaam tuna bahati. Sijui wengine hufanyaje.

Alhamisi daktari alimuuliza mdogo wangu swali ambalo kwa mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Ulikuwa ukifanya kazi gani?" Kisha akampa mrija apulize. Kipimo hicho huitwa spirometri. Mgonjwa hujaza hewa kifuani, akapuliza kwa nguvu zake zote bila kukatisha kwa sekunde sita au zaidi, akarudia mara tatu. Halafu anavuta dawa ya kufungua njia za hewa, anasubiri dakika 15, na kupuliza tena. Hesabu ya kabla na baada ya dawa ndiyo inayomsaidia daktari kutenganisha pumu, ambayo kwa kawaida hufunguka, na njia za hewa zilizokwisha kuharibika, ambazo hazifunguki sawasawa. Mashine yenyewe inaenea juu ya meza ndogo, nasi tulikaa nayo chini ya saa moja. Nilijisikia vibaya nilipokumbuka ile miezi sita ya vidonge.

Naelewa kwamba mabingwa hawa hawawezi kujazwa kila mkoa kwa siku moja. Mtu husoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akaongeza miaka mitatu au zaidi ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo aingie kwenye ubingwa bobezi wa mapafu. Marekani fani hiyo husomwa pamoja na huduma ya wagonjwa mahututi, na si ajabu, maana chumba cha mahututi chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya pumzi: mwaka 1952, polio ilipowapoozesha watu misuli ya kupumulia mjini Copenhagen, Daktari Bjørn Ibsen alipitisha mrija kooni, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu usiku na mchana kuwapulizia wagonjwa hewa kwa kubinya mfuko kwa mkono. Kwetu vyumba hivyo mara nyingi husimamiwa na madaktari wa usingizi. Mgonjwa akitolewa huko akiwa hai, bado anahitaji mtu wa kuyafuatilia mapafu yake, na hapo ndipo barua yenye mstari mmoja inapomwacha tena barabarani.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo na halihitaji bajeti. Barua yoyote ya rufaa ya mgonjwa wa mapafu itaje hospitali, jina la kliniki, siku inayofanyika na namba ya simu ya kuuliza kabla ya kusafiri. Taarifa hiyohiyo ibandikwe kwenye ubao wa hospitali ya mkoa na za wilaya, ili mtu wa Pangani au Lushoto ajue kama aelekee Dar es Salaam au Moshi, ambako kwa baadhi yetu ni karibu zaidi. Wasomaji nao wasidanganywe na neno bingwa. Hapa mjini kuna kibao cha bati kinachotangaza bingwa wa pumu, kifua na nguvu za kiume kwa pamoja. Daktari wa kweli yumo katika rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na si kosa la adabu kuulizia.

Tena wenye mashamba na viwanda, vya singa, vya saruji na vya chokaa, wawapulizishe wafanyakazi wao mrija ule kila mwaka, kabla hawajafikia hatua ya kuinama kwenye basi.

Mdogo wangu sasa anavuta dawa yake kupitia chupa ya maji ya plastiki ambayo muuguzi aliitoboa kitako, na usiku analala bila kuketi. Anatakiwa kurudi kliniki baada ya miezi mitatu. Barua mpya tuliyopewa nayo haina siku, kwa hiyo nimegeuza nyuma yake na kuandika mwenyewe kwa kalamu: Alhamisi.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga